Neno "Mmachinga" Darasani

Mwalimu wa Kiswahili katika mwambao wa Kilwa na Lindi hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa namna maana ya neno inavyohama. Aghalabu mfano huo umeketi mbele yake, katika jina la kabila la baadhi ya wanafunzi.

Wamachinga ni watu wa pwani hii, nao wanayo lugha yao, Kimachinga. Katika miaka ya 1980, maisha yalipokuwa magumu, vijana wengi wa kusini walikwenda Dar es Salaam. Safari ilikuwa ndefu, na Rufiji walivuka kwa pantoni, kwani Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Walipoanza kutembeza bidhaa mikononi, wenyeji wa mji wakawaita wote Wamachinga, hata aliyekuwa Mmwera au Mmakonde. Baadaye kabila likasahauliwa kabisa: Msukuma auzaye kandambili Mwanza naye akawa mmachinga.

Thamani ya neno ilitegemea msemaji. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilipowaandama waliohesabiwa kuwa wazururaji, mchuuzi wa barabarani alitazamwa kwa jicho baya. Vijana wenyewe waliona katika jina hilo fahari ya kujitegemea. Hatimaye hata wakuu walilipokea: Ilala lipo jengo liitwalo Machinga Complex, na vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo vilivyotolewa kuanzia Desemba 2018, kwa shilingi 20,000, watu waliviita vya wamachinga. Wapo wadhanio kuwa neno limetoka katika Kiingereza, kwa maana ya kijana anayetembea kwa miguu. Dhana hiyo yachekesha, lakini yawafuta watu wenye jina.

Hapo ndipo penye uzito kwa mwalimu. Katika darasa la tano tulilolifundisha, mtoto mmoja alitaja kabila lake, wenzake wakacheka na kumwuliza anauza nini. Tangu siku ile alijiita Mmwera. Kukemea kungenyamazisha kicheko, lakini aibu ingebaki. Kwa hiyo tuliandika ubaoni sentensi mbili:

Bibi yangu ni Mmachinga wa Kilwa.
Yule mmachinga anauza viatu.

Tuliwauliza kwa nini neno la kwanza lina herufi kubwa na la pili herufi ndogo. Kisha tuliwatuma wakawaulize wazee majumbani jina hilo walilisikia kwanza wapi, nalo lilimtaja nani. Walirudi na majibu yaliyotofautiana, na darasa zima likayapanga kwa kufuata umri wa wazee. Mtoto yule alileta maneno matatu ya Kimachinga aliyofundishwa na bibi yake, akayasoma kwa sauti, wala hapana aliyecheka.

Ndugu mwanachuo, somo la namna hii halihitaji zana ila ubao, chaki na wazee wa kijiji. Usiwaambie watoto kuwa maana ya mjini ni kosa, maana lugha ni mali ya wanaoisema. Waonyeshe tu njia ambayo neno limepita, ili kila mmoja ajue lilikoanzia.