Kibakishe Kicheko



Wako wanaodhani kwamba vitabu vya wanavyuoni wetu wa kale ni vya vilio na makemeo tu. Sivyo. Tazama Al-Maqamaat ya Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122. Ni visa 50, na mkubwa wao ni Abu Zayd wa Saruj, mjanja anayekula kwa ulimi wake.

Katika kisa cha kwanza, msimulizi aingia San'aa, Yemen, hana kitu. Akuta watu wamemzunguka mzee aliyekonda, awakumbusha mauti na kuwalaumu kwa kupenda dunia, hata wanalia. Wampa fedha. Msimulizi amfuata kwa siri mpaka pangoni, amkuta yeye na mwanafunzi wake mbele ya mkate mweupe, mwanambuzi wa kuchoma na mtungi wa ulevi! Kejeli yenyewe ni hiyo: maneno ya Abu Zayd yote ni kweli, mwongo ni yeye.

Nilipokidurusu kisa hicho ujanani, nilicheka hata machozi yakanitoka. Mwalimu wangu hakucheka. Akaniambia, "Cheka, mwanangu, lakini usikimalize kicheko chote leo. Kibakishe." Sikumfahamu.

Miaka ikapita. Usiku mmoja wa Ramadhani nilitoa mawaidha ya sadaka. Watu wakalia, nami nikapewa bahasha. Njiani jirani yangu, mchukuzi mkongwe, akaniomba fedha za kilo mbili za mchele. Nikamjibu, "Njoo baada ya Idi." Mtoto wa chuoni aliyenichukulia kitabu akaniuliza kwa adabu, "Maalim, huyu si katika wale uliowataja?"

Hapo nikalikumbuka pango. Nikarudi mbio, mlango umeshafungwa. Asubuhi nilipompelekea, nikaambiwa amekwisha kupewa mchele na mchuuzi wa samaki, ambaye usiku ule aliketi safu ya nyuma akinisikiliza.

Ndipo nilipofahamu hekima ya Al-Hariri. Katika Suratul Hujurat Mwenyezi Mungu ametukataza kudharauliana, kwani huenda anayedharauliwa akawa bora kuliko anayemdharau. Al-Hariri hakumfedhehesha jirani yake. Alibuni visa, ili kila asomaye ajione mwenyewe.

Wala hakumwacha Abu Zayd pangoni. Katika kisa cha 50 asimama msikitini Basra, awaomba watu wamwombee toba. Nia yake ni kuwahadaa kama ada yake, lakini dua zao zikamgeuza moyo, akatubu kweli.

Basi, msomaji wangu, wasomee wanao visa hivi, mcheke pamoja. Lakini kicheko kingine kibakishe, ukitie mfukoni pamoja na fedha zako. Siku mhitaji atakapokuzuia njiani, utakihitaji.

Wabillahi tawfiq.