Picha za Gisozi

Mgeni apitaye Gitega, wilayani Nyarugenge jijini Kigali, huona nyumba zilizobanana mtelemkoni, na huenda akaamkiwa kwa Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017. Akifika Gisozi, huingia katika jumba la kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, lililofunguliwa mwaka 2004. Humo zimetundikwa picha za marehemu zilizotolewa na jamaa zao.

Siku hizi kompyuta yaweza kubuni sura zilizo safi kuliko hizo. Lakini sura ya kubuni haikuzaliwa, wala haina mama wa kuililia. Tena wako wanaoyakana mauaji hayo: kwao picha moja ya uongo ingetosha kuzitilia shaka zote za kweli.