Kuahirisha Hedhi: Maswali Kwanza, Vidonge Baadaye

Hedhi si ugonjwa wala si aibu. Hata hivyo huja kwa ratiba yake yenyewe, na ratiba hiyo haijui likizo ya askari, lindo, wala safari ya ibada. Mke wa askari aishiye Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, hulijua jambo hilo vema. Mumewe yuko kambi ya mbali, amepata likizo ya siku chache tu, na kalenda yaonyesha kwamba siku zake zitaangukia papo hapo. Polisi wa kike wa Kasese aliyepangiwa lindo refu, Mkristo aendaye Namugongo kwa miguu kuadhimisha tarehe 3 Juni, na Mwislamu aendaye Makka kuhiji, ambaye hawezi kutufu Al-Kaaba akiwa katika hedhi, huweza kuwa na haja iyo hiyo.

Dawa ipo, nayo huitwa norethisteroni. Imefanana na projesteroni, homoni ambayo mwili wa mwanamke hujitengenezea. Homoni hiyo huutunza utando wa ndani ya tumbo la uzazi. Ikipungua, utando hubomoka na damu hutoka. Kidonge hushika nafasi yake ili utando usibomoke. Kwa kawaida humezwa kidonge cha miligramu 5 mara 3 kwa siku, kuanzia siku 3 kabla ya siku inayotazamiwa. Mama akiacha kumeza, hedhi huja baada ya siku 2 au 3. Basi dawa hii haifuti hedhi, bali huiahirisha. Na aliyekwisha kuona damu amechelewa.

Lakini mama asinunue vidonge vinavyochuuzwa sokoni, wala asiazime vya jirani. Na aende famasi yenye kibali cha Mamlaka ya Taifa ya Dawa, hata ikimbidi kupanda gari kutoka Bwera hadi Kasese. Mfamasia mwema haanzi kwa kuhesabu vidonge. Huanza kwa kuuliza. Je, mama ana mimba? Ananyonyesha? Yeye au ndugu yake wa damu amepata kugandiwa na damu katika mishipa ya mguu au mapafu? Ana ugonjwa wa ini, au amepata saratani ya matiti? Hutokwa na damu isiyojulikana sababu yake? Anatumia dawa ya kifua kikuu au ya kifafa?

Maswali hayo si udadisi. Dawa hii yaweza kuongeza hatari ya damu kuganda, na kukaa saa nyingi ndani ya basi la Kampala huizidisha. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, pamoja na baadhi ya dawa za kifafa, huipunguzia nguvu. Mfamasia akiona shaka na kumtuma mama kwa daktari, katika Hospitali ya Bwera au ya Kilembe, mama asidhani amefukuzwa. Amelindwa.

Jambo moja huwaponyoka wengi: vidonge hivi, kwa kipimo hiki, havizuii mimba. Mume arudipo, wasiotaka mtoto kwa wakati huo watumie kinga nyingine, kama kondomu. Naye mama ambaye tayari anameza vidonge vya uzazi wa mpango na aulize kwanza. Pengine atashauriwa kuunganisha pakiti mbili bila kupumzika, asihitaji dawa ya pili.

Kichefuchefu, maumivu ya kichwa na matiti kuuma huweza kutokea, kisha hupita. Lakini mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikiuma, pumzi ikikatika ghafla, au macho yakififia ghafla, mama aache vidonge na kwenda hospitali saa iyo hiyo, hata ikiwa usiku wa manane.

Waume nao wana sehemu yao. Askari ajuaye tarehe ya likizo na aitaje mapema, maana siku 3 za kutangulia zahitaji taarifa. Likizo ikisogezwa mbele, mke asiendelee kumeza siku baada ya siku kwa kumngoja, amrudie mfamasia. Na ikiwa mke ataamua kutomeza chochote, mwili ni wake na uamuzi ni wake. Nyumba yenye masikilizano haivunjwi na siku tano za hedhi.