Kabla ya kupanda puto Serengeti, mwangalie rubani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Seronera katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti bado ni giza, na baridi yake inataka sweta mbili. Puto limelazwa nyasini kama hema lililoanguka. Feni kubwa inalijaza hewa, kisha rubani anawasha moto wa gesi na kitambaa kinaanza kuinuka. Hapo watoto hushangilia. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kuandika habari za afya, macho yangu yalikuwa kwa rubani.

Kabla ya kuwasha chochote, alikuwa ameachia angani kiputo kidogo chenye taa na kukifuatilia hadi kikapotea. Puto kubwa halina usukani. Rubani anaweza kupanda na kushuka tu; kulia na kushoto ni kazi ya upepo, na upepo wa chini unaweza kuelekea kusiko na ule wa juu. Anayejifunza kazi hii hufundishwa kusoma tabaka hizo na kutafuta ile inayomfaa.

Kisha kuna subira ya mkono. Ukiwasha moto, puto halipandi papo hapo, hupita sekunde kadhaa. Mwanafunzi akiona kimya huongeza moto, na ghafla linapaa kuliko alivyotaka. Anayepikia jiko la mkaa analijua hilo. Ndiyo maana pia safari huanza alfajiri: jua likishapasha ardhi, hewa hupanda kwa misukosuko na upepo hauaminiki tena.

Hayo yote yanafundishika. Marekani, kwa mfano, anayetaka leseni ya kubeba abiria wa kulipa kwa puto lazima awe na angalau saa 35 za urubani. Kigumu zaidi, kwa maoni yangu, ni kusema "leo haturuki" wakati abiria wameshalipa mamia ya dola na wamesimama mbele yako na kamera.

Julai 30, 2016, karibu na Lockhart, Texas, puto liligonga nyaya za umeme na watu wote 16 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walisema rubani aliamua kuruka na kuendelea huku kukiwa na ukungu na mawingu, na kwamba maradhi aliyokuwa nayo pamoja na dawa alizotumia huenda vilidhoofisha uamuzi wake. Wakati huo sheria ya Marekani haikumtaka rubani wa puto awe na cheti cha afya. Kanuni ya kuwataka marubani wanaobeba abiria wa kulipa wawe nacho ilipitishwa mwaka 2022, miaka sita baada ya msiba.

Kwa hiyo mzazi, usione haya kuuliza: rubani ana leseni? Mara ya mwisho kupimwa afya ni lini? Hali ya hewa ikiharibika, fedha zinarudishwa? Swali hilo la fedha si dogo. Kampuni inayorudisha fedha humpa rubani wake nafasi ya kukataa.

Kuhusu watoto, kampuni huweka kiwango cha chini cha umri au urefu. Usibishane nacho. Wakati wa kutua, abiria hukaa mgongo ukielekea kule kikapu kinakokwenda, magoti yamekunjwa, mikono imeshika kamba za ndani, na kikapu kinaweza kuburuzwa na kulala ubavu. Mtoto wa kubebwa hawezi kujishikilia, na wewe huna mkono wa ziada. Wajawazito na waliofanyiwa upasuaji karibuni nao wabaki chini.

Asubuhi ile mtoto wa miaka minne alikataliwa, na baba yake akanung'unika kweli. Mwishowe akapanda na binti mkubwa. Mama na mdogo wakaja kwa gari kutungojea mahali pa kifungua kinywa. Njiani waliona viboko wengi kuliko sisi tuliokuwa juu.