Vigawo vya namba za mafungu

2 Juni

Namba 4 hupangwa kwa mafungu hivi: 4 yenyewe, 3+1, 2+2, 2+1+1, 1+1+1+1. Njia 5. Ukianza na 2 na kwenda hadi 6, idadi za njia ni 2, 3, 5, 7, 11, namba tasa tupu, tena kwa mfuatano wake. Kisha 7 inatoa 15 na raha inakatika. Tasa inayofuata ni 101, ya namba 13, halafu kimya mpaka 36, yenye njia 17,977.

3 Juni

Mwanahisabati MacMahon alizihesabu idadi hizi kwa mkono na kuzipanga katika jedwali hadi namba 200, ambayo ina njia 3,972,999,029,388. Katika jedwali hilo mwanahisabati Ramanujan aliona jambo ambalo wengine walilipita: namba ikiishia na 4 au 9, idadi ya njia zake hugawanyika kwa 5. Tazama: 5, 30, 135, 490, 1575. Anza na 5 uruke saba saba, utapata vigawe vya 7. Anza na 6 uruke kumi na moja, utapata vya 11. Makala yake ilitoka 1919, mwaka mmoja kabla hajafariki.

5 Juni

Leo nimeivunja idadi ya 100, yaani 190,569,292. Kugawa kwa 4 ni rahisi, inabaki 47,642,323. Hapo ikanibidi nipande tasa moja baada ya nyingine, zote zikiacha baki, mpaka 43 ikaingia sawasawa. Kisha 59, kisha 89, mwisho ikasimama 211. Hamna 5, 7 wala 11.

Mwanahisabati Ono alithibitisha mwaka 2000 kwamba kila tasa kuanzia 5 ina miruko yake kama ile ya Ramanujan, hata hiyo 43. Ila miruko yenyewe ni mirefu ajabu. Ule aliougundua Atkin kwa ajili ya 13 unaanza na 237 na kuruka 17,303 kila mara!

9 Juni

Ramanujan aliamini pia kwamba 24n−1 ikigawanyika kwa 7 mara tatu, basi idadi ya njia za n nayo itagawanyika mara tatu. Mwaka 1934 Chowla akachukua jedwali la idadi hizi la Gupta, akaitazama 243. Nimeigawa mwenyewe: 133,978,259,344,888 kwa 7, safi; tena kwa 7, safi; mara ya tatu inabaki 5. Namba moja tu, dai zima likaanguka. Watson alilirekebisha na kulithibitisha mwaka 1938.

10 Juni

Kinachonikosesha usingizi ni tasa ndogo kabisa, 2 na 3. Kolberg alionyesha mwaka 1959 kwamba kati ya idadi hizi shufwa haziishi na witiri haziishi. Je, zinagawana nusu kwa nusu? Hakuna uthibitisho. Na 3, ambayo mtoto wa shule huipima kwa kujumlisha tarakimu? Mpaka leo hakuna aliyethibitisha kwamba inagawanya namba hizi mara zisizo na kikomo. Kwangu hili ndilo swali kubwa kuliko yote ya mafungu, na anayependa hesabu alianzie hapo.