Mmea Usiopenda Kubembelezwa

Sisi tulizaliwa Bukavu, mahali ambapo mvua haimnyimi mtu na ardhi imejaa rutuba. Tangu utoto tulifundishwa sheria moja ya bustani: mmea ukionekana mnyonge, umwagilie, ukizidi kuwa mnyonge, uutie samadi. Sheria hiyo tulihama nayo mpaka Liège, katika nchi ya Ubelgiji, tunakoishi sasa, nayo ndiyo iliyotuaibisha mbele ya mmea usiozidi upana wa kiganja.

Siku moja ya mwezi wa tano, jirani yetu, bibi mzee, alituletea chungu kilichopasuka. Ndani yake mlikuwa na mashada manne ya majani manene, yamepangwa kwa duara mfano wa ua la waridi. Kwa mbali ungedhani ni watoto wa mshubiri, lakini si wa ukoo mmoja. Mshubiri ukipatwa na baridi kali ya huku hufa. Mmea huu hulala chini ya theluji ukaamka mzima. Kwao ni milima ya mawe, kama Alpi na Pirenei za Ulaya, na ndugu yake mmoja huota katika milima ya Atlas, huko Maroko. Wasemao Kifaransa huuita joubarbe, maana yake ndevu za Jupita. Mtaalamu Linnaeus aliuandika mwaka 1753 kwa jina la Kilatini Sempervivum tectorum, yaani uishio daima, wa mapaa. Na kweli ulipandwa juu ya mapaa: yapata mwaka 800, amri ya mashamba ya kifalme, ambayo kwa desturi huhesabiwa kuwa ya Charlemagne, ilimtaka mtunza bustani awe nao juu ya nyumba yake. Watu wa kale waliamini kwamba huikinga nyumba na radi.

Nasi tulitaka kumwonyesha bibi yule kwamba watu wa Kivu wanajua kulima. Tukauhamishia katika chungu kizuri, tukaujazia udongo mweusi na samadi, tukaumwagilia kila asubuhi. Majani yakawa makubwa, laini, ya kupendeza, nasi tukafurahi. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipofika, mashada matatu yalioza tangu shina, hata kabla ya theluji ya kwanza.

Jirani alikuja, akatazama, akauliza, “Mliupa nini?”

Tukajibu, “Bibi, tuliupa kila kitu.”

“Ndilo kosa,” akasema.

Kisha akatueleza. Jani la mmea huu ndilo mtungi wake wa maji. Wakati wa ukame huweza kufunga vitundu vyake mchana ili maji yasipotee, ukavuta hewa usiku. Basi si baridi iuuayo kwa kawaida, bali maji yatuamayo mizizini. Yafaa kuchanganya udongo nusu kwa nusu na mchanga wenye changarawe, chungu kiwe na tundu, kikae juani, bila samadi. Maji upewe ukiwa mgeni tu, au jua likidumu siku nyingi.

Mwaka huohuo binti yetu wa kwanza alikuwa ameanza masomo ya juu Brussels. Kila Ijumaa tulipanda treni na vyungu vya sombe. Tulimpigia simu asubuhi na jioni, tukamlipia deni kabla hajalitambua. Katika mwezi wa pili alikuja nyumbani, akakiri kwamba ameshindwa mitihani. Tulipomuuliza alikosa nini, akainamisha kichwa: “Baba, Mama, sikukosa kitu. Ila sijapata kuamua jambo hata moja peke yangu.”

Usiku ule hatukulala. Tulijua methali isemayo, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini tulidhani kulea ni kuongeza tu.

Tukakubaliana naye kwamba atarudia mwaka, atafanya kazi saa chache dukani, na chakula chetu kitamfikia mara moja kwa mwezi. Jioni za kwanza zilikuwa ngumu. Tuliitazama simu kama watu wanaolinda mgonjwa. Mwaka uliofuata alifaulu masomo kadhaa. Mengine yangali yakimngoja. Lakini sasa hutueleza matatizo yake akiwa tayari amefikiri dawa yake.

Shada lililobaki tulilipanda katika changarawe. Wakati wa joto lilitoa kamba nyembamba, kila kamba na kitoto chake nchani. Kitoto kikitia mizizi, kamba hukauka yenyewe. Hakuna haja ya kuikata, wala ya kuizuia. Enyi wazazi, tulihitaji mmea wa jirani kutufundisha jambo hilo.

Katika mwaka wa tatu mama yao alichanua maua mekundu, kisha akafa, kwani kila shada huchanua mara moja tu. Pembezoni mwake tulihesabu watoto kumi na mmoja. Binti yetu alichukua watatu, akawapeleka kwenye dirisha la chumba chake Brussels. Alipokuwa akiondoka alituomba jambo moja: tukienda kumtembelea, tusiwamwagilie.