Dirham 73



Leo hatuzungumzi hina wala singo. Tunazungumza pesa, zile za kupeleka Dubai. Wengi mnaotuletea picha za shela kwenye simu hamjui ile lesi imepita njia gani mpaka ikafika mwilini mwenu. Na wapo wafanyabiashara wenzetu humu wanaoumia kimya kimya, kama tulivyoumia sisi.

Sisi ni wawili, mtu na wifi yake. Tulisoma mpaka kidato cha nne, tukaongeza kozi ya ushoni, tukafungua chumba chetu cha cherehani hapa Mlandege. Lesi, shanga na satini tunaagiza kwa tajiri mmoja wa Deira. Kila mwezi tunampelekea kiasi cha dirham 1,500, kama dola 408 hivi. Na tuseme ukweli, nyingi katika hizo si zetu. Ni arubuni za mabiharusi. Mtu anakupa pesa yake miezi miwili kabla ya harusi, anakuamini, hiyo ni amana.

Mwaka wa kwanza tulipeleka kwa benki, dola 40 kila mara, tukiona ndiyo dunia ilivyo. Mwezi mmoja, Shaaban, harusi zimebanana, tajiri akatuandikia kwenye simu: pesa zimepungua dirham 73, mzigo hautoki. Tukakimbilia benki na risiti yetu mkononi. Kijana wa dirishani akatufahamisha kuwa pesa haziendi moja kwa moja. Zinapita benki nyengine ya katikati, na hiyo nayo imekata dola 20 yake njiani. Mwaka mzima hakuna aliyetwambia. Miezi ya nyuma tajiri alikuwa akisamehe, mwezi ule hakusamehe.

Sasa tazama mtihani huo. Kupeleka dirham 73 kungetutoka dola 40 nyengine, yaani nauli kubwa kuliko abiria. Na ndani ya mzigo ule mlikuwa na lesi ya biharusi wa Jang'ombe, harusi yake siku 9 mbele. Wifi mtu alikaa juu ya kigoda akalia, si kwa dola 40, kwa aibu ya kwenda kumwambia mama wa watu kuwa shela halipo.

Aliyetuokoa ni mama jirani. Mwanawe anafanya kazi Dubai. Alimpigia simu usiku ule ule, na asubuhi kijana akaenda Deira kwa miguu yake, akaweka dirham 73 juu ya meza ya tajiri. Sisi tukampelekea mama shilingi zake barazani. Lesi ikapanda ndege, shanga tukazitia usiku kwa mkono, na biharusi akatoka kama mwezi, mashallah. Mpaka leo hajui. Kama unasoma hapa, mwanetu, tusamehe.

Baada ya hapo tulikaa chini na daftari. Dola 40 kwa miezi 10 ni dola 400. Yaani kila miezi 10 tulikuwa tunampa benki mzigo wa mwezi mzima, bure. Hapo hatujahesabu kiwango cha kubadilisha.

Hiki kiwango ndicho kinachowaponza wengi, kwa hiyo tuachieni tukae nacho kidogo. Mtu anakwambia kwake hakuna ada. Sawa, lakini muulize: nikitoa shilingi kadhaa, dirham ngapi zitaingia mkononi mwa tajiri? Usikubali jibu jengine lolote. Dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola 1 ni dirham 3.6725, haipandi haishuki. Dola 400 basi ni dirham 1,469. Akikwambia zitafika 1,420, ada yake ni hizo dirham 49, ila ameificha mfukoni mwengine. Dola yenyewe kwa shilingi angalia bei inayotangazwa na Benki Kuu kila siku, halafu linganisha na unayouziwa. Tunafanya hesabu hii kwa kalkuleta ya simu, dakika mbili, na imeshatuonyesha kuwa penye ada ndogo si lazima pawe rahisi.

Fomu ya benki nayo isome. Kuna pahala pa kuchagua herufi tatu tatu: OUR, SHA, BEN. OUR ni kuwa gharama zote zako wewe unayepeleka, tajiri apate kamili. SHA mnagawana, na hapo ndipo zilipokatwa zile dola 20 zetu. BEN zinakatwa zote kwa mpokeaji. Sisi tulikuwa tunatiliwa alama ya SHA bila kuulizwa, na sisi wenyewe hatukuuliza.

Wale kina Western Union na MoneyGram ni wazuri kwa haraka na kwa kiasi kidogo, lakini pesa inapokewa na mtu kwa jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho, na tajiri wetu anataka zije kwa jina la duka. Kampuni za simu siku hizi nazo zinapeleka nje. Uliza kama nchi yako imo, na uliza kikomo.

Tukarudi kwa mama jirani. Mwanawe anamletea pesa kila mwezi na yeye pia anakatwa. Kwa nini zake zivuke bahari kuja na zetu zivuke kwenda? Kabla ya kuigeuza mazoea tulimuuliza ustadh wetu. Akasema sarafu mbili tofauti mnaweza kubadilishana kwa kiwango mnachoridhiana, sharti iwe mkono kwa mkono, pale pale, asibaki mmoja anangoja. Basi tunafanya hivi: kijana anasimama dukani Deira, sisi tumekaa barazani kwa mama, simu iko wazi. Yeye akihesabu dirham, sisi tunahesabu shilingi. Mama anacheka, anasema harusi hii haina biharusi.

Lakini kijana huyo hutuma dirham 500 tu kwa mwezi, haitoshi. Na khabari zilipoenea, wanawake wakaanza kuja: tupelekeeni na zetu. Tukakataa, wengine wakanuna. Kupokea pesa za watu na kuzipeleka nje ni biashara yenye leseni yake, na sisi leseni yetu ni ya ushoni. Jirani kwa jirani ni jambo moja, kugeuka benki ya mtaa ni jengine.

Kilichobaki tunapeleka kwa umoja. Tumeungana mafundi wanne, sote tunanunua kwa tajiri yule yule. Mara moja kila miezi miwili tunatuma pamoja, dola 40 na 15 za juu ili iwe OUR, jumla 55, kila mmoja chini ya dola 14. Tajiri anaandika ankara nne, kila fundi jina lake. Uzito wake upo: unafunga mtaji wa miezi miwili, na akaunti ni ya mmoja wetu. Kwa hiyo tunaandika. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ile ndefu kuliko zote, inahusu kuandika deni, na sisi tuna daftari lenye sahihi nne hata kwa shilingi elfu. Mwenzetu mmoja mwanzoni aliona tunamtilia shaka. Sasa yeye ndiye anayedai daftari kabla hajatoa pesa.

Jengine dogo: tangu Januari 2022 mapumziko ya wiki kule ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku. Ukipeleka Alkhamisi jioni, pesa zitalala. Sisi tunapeleka Jumatatu asubuhi.

Jumatatu hii ni zamu. Orodha imeshabandikwa ukutani: lesi yadi 40, satini nyeupe na ya krimu, shanga pakiti 12, na pembeni majina ya mabiharusi 5 wa Mfunguo Mosi. Wa kwanza anakuja kupimwa leo baada ya Alasiri.